Benzi Lililolala Bandani: Majibu kwa Wasomaji Wenye Magari ya Zamani

Mwezi uliopita tulichapisha picha moja ndogo ya Mercedes-Benz 280 SE ya buluu iliyokolea, imeegeshwa chini ya mti karibu na uwanja wa mbio za farasi wa Ngong, ambako hufanyika maonyesho ya Concours d'Elegance. Picha hiyo imetuletea barua nyingi kuliko makala iliyoizunguka, jambo ambalo mwandishi wa makala amelipokea kwa uvumilivu. Karibu barua zote zinahusu ukoo mmoja wa magari: W108, na ndugu yake W109 aliyewekewa springi za hewa, yaliyoanza kuuzwa mwaka wa 1965 na kukoma mwaka wa 1972. Umbo lake lilichorwa na Mfaransa Paul Bracq, na kwa wakazi wa Nairobi wa umri wangu ni miongoni mwa magari yaliyowafanya wakubwa wa siku zile waitwe Wabenzi. Leo safu yote nimeitolea magari hayo.

SWALI: Marehemu baba yetu alinunua 280 SE mwaka wa 1969 akiwa mtumishi wa serikali, akaiendesha hadi mwaka wa 1996 macho yake yalipopungua nguvu, kisha akaiegesha katika banda nyuma ya nyumba. Alituaga mwaka wa 2019. Ndugu zangu wawili wamekubali nilitunze gari, lakini logibuku bado ina jina la mzee. Kijana wa gereji ya jirani ameahidi kuja Jumamosi na betri ili tusikie mlio wa injini. Tuanzie wapi? (Kifungua mimba, Lang'ata)

JIBU: Ndugu yangu, anza kwa kumpigia simu kijana huyo umwambie asije na betri. Injini iliyolala tangu mwaka wa 1996 huenda bado ni nzima, lakini stata inaweza kuiua kwa nusu dakika ikiwa haijaandaliwa. Gari lenu lina injini ya silinda 6 yenye ujazo wa sentimita za ujazo 2,778, na petroli yake haipitii kabureta bali husukumwa na pampu ya Bosch yenye pistoni 6 ndogo, kila moja ikihudumia silinda yake. Pistoni hizo zimechongwa kwa usahihi mkubwa, na petroli ya zamani ikishageuka kuwa kama gundi huzinasa zisiweze kupanda wala kushuka. Ukiilazimisha pampu hiyo kuzunguka ikiwa imenata, utavunja kifaa ambacho mafundi wa kukitengeneza hapa mjini huhesabiwa kwa vidole vya mkono mmoja. Nayasema haya kwa uchungu, kwa sababu miaka mingi iliyopita niliiacha 250 SE ya rafiki yangu kwa fundi mmoja kwa siku moja tu, na niliporudi nilimkuta amejaa furaha kwamba injini "imezunguka"; pampu ilikuwa imekwisha, na rafiki yangu alihangaika miezi 7 kabla ya kupata nyingine.

Fanyeni hivi. Shusheni tangi la petroli, mlimwage, mlioshe na mtazame ndani kama kuna kutu, kisha mbadilishe paipu zote za mpira zinazopitisha petroli, hata zile zinazoonekana nzuri kwa nje, kwa maana mpira huharibika kutoka ndani. Pampu na nozeli zipelekwe kwa fundi wa pampu, si kwa fundi wa injini. Ng'oeni plagi 6, mmimine oili nyepesi kidogo katika kila silinda, na muiache siku kadhaa iteremke kwenye ringi za pistoni. Baada ya hapo zungusheni injini kwa mkono, kwa spana ndefu kwenye nati iliyo mbele ya krankishafti, taratibu, na mkisikia mahali inapokataa msimame hapo hapo mtafute sababu. Oili na filta zibadilishwe kabla ya injini kuwaka, si baada yake. Cheni inayoendesha kamshafti nayo itazamwe, hasa kikaza-cheni chake, kwa kuwa cheni iliyolegea hupiga kelele kama ya mbegu ndani ya kibuyu wakati wa kuwasha.

Breki zina hatari kubwa kuliko injini, kwa sababu injini isipowaka hakuna anayeumia. Gari hili lina breki za diski kwenye magurudumu yote 4, jambo ambalo katika mwaka wa 1969 magari mengi ya bei kubwa hayakuwa nalo. Hata hivyo mafuta ya breki hunyonya maji kutoka hewani, na baada ya miaka ishirini na kitu pistoni za breki hukamatwa na kutu huku paipu za mpira zikivimba ndani, hivyo unapoachilia kanyagio gurudumu hubaki limebanwa. Zibadilisheni paipu hizo zote, na pistoni zifunguliwe na kusafishwa. Kuhusu tairi, tafuteni ubavuni namba ya tarehe ya kutengenezwa: zilizotengenezwa kuanzia mwaka wa 2000 zina tarakimu 4, mbili za juma na mbili za mwaka, na mkikuta tarakimu 3 basi tairi hizo ni za karne iliyopita na hazifai hata kulivuta gari hadi barabarani. Angalieni pia panya, ambao hupenda sana njia za hewa zilizo chini ya dashibodi na hutafuna nyaya za umeme bila kujali zilitoka Stuttgart.

Sasa logibuku. Maneno ya ndugu zako, hata wakiyaandika na kutia sahihi, hayawezi kulihamisha gari kutoka kwa jina la marehemu. Chini ya Sheria ya Urithi, Sura ya 160, mnapaswa kwanza kuomba mahakamani barua za usimamizi wa mali, au kuthibitisha wosia ikiwa mzee aliacha mmoja. Maombi hutangazwa katika Gazeti la Serikali na watu hupewa siku 30 za kupinga; na kwa kawaida mgawanyo wa mali huthibitishwa baada ya miezi 6 tangu barua hizo kutolewa. Hakikisheni gari limeandikwa katika orodha ya mali pamoja na namba ya usajili na namba ya chesisi, kwa sababu familia nyingi huandika mashamba na akaunti za benki na kulisahau gari, kisha hulazimika kurudi mahakamani. Mkishapata hati iliyothibitishwa, uhamisho wa umiliki hufanywa NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali. Wakati mnangoja, mnaweza kulitengeneza, lakini hifadhini risiti zote, na mwandike kwamba wewe unalitunza kwa niaba ya wote. Ndugu wanaokubaliana leo wakati gari ni chuma chenye vumbi wanaweza kubadilika litakapoanza kung'aa.

SWALI: Mzee mmoja wa Parklands ananiuzia 250 S ya mwaka wa 1967. Injini inawaka vizuri sana na rangi ni mpya. Fundi wangu anasema nisiikose. Mimi si mjuzi wa magari, ila napenda hili. Nitazame nini? (Mwalimu, Umoja)

JIBU: Mwalimu, mambo mawili uliyoyataja kwanza ndiyo yanayonitia shaka, yaani injini inayowaka vizuri na rangi mpya. Injini ya gari hili, mbovu au nzima, inaweza kutengenezwa. Bodi iliyoliwa na kutu inaweza kukumaliza wewe kabla hujaimaliza yenyewe. W108 haina chesisi ya kujitegemea kama lori. Bodi yenyewe ndiyo inayobeba uzito, na boriti zilizo chini ya milango zina kuta mbili au zaidi zilizounganishwa, ambamo maji huingia na kukaa. Kutu huanzia humo ndani, na ukiiona kwa nje ujue sherehe ilishaanza siku nyingi.

Nenda asubuhi kwenye mwanga mzuri, vaa nguo za kuchafuka, na ubebe sumaku ndogo iliyofungwa kitambaa. Ipitishe chini ya milango, kwenye pembe za chini za madigadi, kuzunguka taa za mbele na chini ya kioo cha nyuma. Mahali sumaku isiposhika pana fila, yaani kandiko la kuzibia mashimo, na si chuma, na rangi mpya ilipakwa kwa ajili ya kuificha. Inua zulia utazame sakafu. Fungua buti, ondoa gurudumu la akiba, utazame pembeni. Pale ambapo jeki huingizwa, bonyeza kwa kidole gumba kwa nguvu. Muulize mzee gari liliishi wapi. Gari lililokaa Nairobi au Nakuru maisha yake yote lina bahati, lakini lililokaa Mombasa miaka kumi, likinyweshwa hewa ya chumvi kila usiku, linahitaji kutazamwa mara mbili hata likiwa limepakwa rangi ya dhahabu.

Kisha soma namba. Ndani ya chumba cha injini kuna kibati cha chuma chenye namba ya chesisi, na namba hiyo husema mengi kwa anayejua kuisoma. Ikianza na 108.012, hiyo ni 250 S kweli, 108.014 ni 250 SE, 108.016 ni 280 S, na 108.018 ni 280 SE. Tarakimu mbili zinazofuata hueleza usukani na gia: 1 ya kwanza ni usukani wa kushoto na 2 ni usukani wa kulia, kisha 0 ni gia za mkono na 2 ni gia za kujibadilisha. Kwa hiyo gari lako, kama lilikuja Kenya likiwa jipya na lina gia za mkono, linapaswa kusomeka 108.012-20 na namba nyingine baadaye. Injini nayo ina namba yake iliyochongwa. Ya 250 S huanza na 108.920. Ukikuta namba nyingine, si lazima ukimbie, lakini uliza, na bei ishuke. Linganisha zote na zilizoandikwa kwenye logibuku, herufi kwa herufi. Namba ya usajili nayo ni shahidi: mtindo wa sasa, wenye herufi 3, tarakimu 3 na herufi 1 ya mwisho, ulianza mwaka wa 1989, kwa hiyo gari la mwaka wa 1967 ambalo namba yake inaishia na herufi lilisajiliwa upya au liliingia nchini baadaye, na mzee anapaswa kukueleza hadithi yake.

Unapoliendesha, usitishwe na nyuma inayoonekana kuinama au kuinuka. Gari hili lina ekseli ya nyuma inayopinda katikati, ambayo tabia yake kwenye kona ni tofauti na ya magari ya leo, na juu yake kuna kifaa cha mafuta na gesi kinacholiweka sawa linapobeba watu na mizigo. Kikichoka, gari huchuchumaa nyuma. Mbele kuna kingpini, yaani pini ambazo magurudumu hugeukia unapokata kona, zinazohitaji grisi kila kilomita 5,000 hivi, na wengi waliozoea magari ya Kijapani hawajui hata kwamba nipeli za grisi zipo. Usukani ukiwa mzito sana au ukicheza, sababu mara nyingi ni hiyo. Iwapo siku moja utakutana na lenye gia za kujibadilisha, ujue kwamba lina gia 4 na kiunganishi cha mafuta kisichoongeza nguvu kama cha magari mengi, kwa hiyo kugongagonga kidogo wakati wa kubadilisha ni tabia yake ya kuzaliwa. Kuteleza, ambapo injini inapiga kelele na gari haliendi, ndiko ugonjwa.

Fundi wako anasema usiikose. Mimi nasema umwombe akuambie hayo tena akiwa amelala chini ya gari na tochi mkononi.

SWALI: Benzi langu, 250 S pia, lina kabureta mbili. Nikiwa Nairobi linatoa moshi mweusi na plagi zinakuwa nyeusi kama makaa. Nilipokwenda Mombasa Desemba likawa zuri sana, na niliporudi moshi ukarudi. Mtu mmoja ameniambia tatizo ni petroli isiyo na risasi. (Msomaji, Kariobangi)

JIBU: Gari lako lenyewe limekwisha kukujibu, ila halikuwa na lugha. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na injini isiyo na tabo (kifaa cha kuisukumia hewa) hupoteza takriban asilimia 1 ya nguvu kwa kila mita 100 za kupanda, kwa sababu hewa inapungua uzito. Zile nguvu 130 za farasi ambazo kiwanda kiliahidi, hapa kwetu zinabaki kama 108. Kabureta haijui hilo. Hupima petroli kana kwamba hewa ni ya pwani, kwa hiyo huku juu mchanganyiko hujaa petroli kupita kiasi, na ndiyo sababu ya moshi na masizi. Ukishuka Mombasa hewa inarudi na kila kitu kinakaa sawa. Nadhani gari lako liliwahi kuishi pwani, au mtu alilitengeneza kwa kufuata kitabu bila kutazama ramani. Fundi anayejua kabureta za Zenith anaweza kubadilisha jeti, yaani vitundu vinavyopitisha petroli, ziwe ndogo kidogo, lakini kwanza apime kama nyuso za kabureta hizo zimepinda kwa joto, jambo linalotokea mara nyingi, kwa sababu zikipinda huvuta hewa ya pembeni na hakuna kipimo kitakachokaa. Ukishapunguza jeti kwa ajili ya Nairobi, usiende nalo pwani kwa kasi kubwa bila kurekebisha, kwa maana huko mchanganyiko utapungua petroli na injini itachemka. Wenye 250 SE na 280 SE hawana shida hii, kwa kuwa pampu zao zina kifaa cha kuhisi uzito wa hewa na kujirekebisha.

Kuhusu risasi, nchi za Afrika zilizo kusini mwa Sahara ziliacha petroli ya risasi kufikia mwanzo wa mwaka wa 2006, na hofu iliyobaki ni kwamba vali huchimba viti vyake bila kinga ya risasi. Hofu hiyo ina msingi katika magari ambayo viti vya vali vimechongwa moja kwa moja kwenye chuma laini cha kichwa cha injini. Kichwa cha injini yako ni cha aluminiamu na viti vya vali ni pete za chuma kigumu zilizoshindiliwa ndani. Mimi ningeogopa zaidi petroli iliyochanganywa na mafuta ya taa. Ukisikia injini ikigonga kama kokoto ndani ya mkebe wakati wa kupanda mlima, badilisha kituo cha mafuta kabla ya kubadilisha kitu kingine chochote.

SWALI: Nina 280 S ya mwaka wa 1970 niliyoipata bila injini nzuri. Vijana wanataka kuniwekea injini ya Kijapani ya silinda 6, wanasema itakuwa nyepesi kwa mafuta na spea zitapatikana kila kona. Je, ni dhambi? (Mfanyabiashara, Eastleigh)

JIBU: Dhambi ni neno kubwa, ndugu, na mimi si kadhi. Ninaelewa hoja ya mafuta, kwa kuwa gari hili likiwa katika afya nzuri litakupa kama kilomita 6 au 7 kwa lita, na katika msongamano wa Jogoo Road likakupa chini ya hapo. Lakini injini hiyo ya Kijapani itahitaji kukatiwa mahali pa kukaa, shafti ya kuendesha magurudumu ya nyuma itaunganishwa upya, vipimo vya dashibodi vitaacha kusema kweli, na breki na springi ambazo kiwanda kilizipima kwa uzito fulani zitabebeshwa uzito mwingine. Kisha siku utakapotaka kuuza, mnunuzi anayeelewa atatoa bei ya bodi tupu. Nimeona magari matatu ya namna hiyo hapa Nairobi na hakuna hata moja ambalo mwenyewe alikuwa bado analiendesha baada ya miaka miwili.

Ukiwa huna budi, usikate chuma chochote cha asili, weka injini ya zamani hata ikiwa imekufa, na upeleke taarifa ya mabadiliko NTSA ili namba mpya ya injini iandikwe kwenye kumbukumbu, la sivyo askari wa barabarani atakapofungua boneti atakuwa na haki ya kukuuliza gari ni la nani. Lakini kabla ya hayo yote, tafuta injini ya asili. Ya 280 S na ya 280 SE ni ukoo mmoja, tofauti yake kubwa ni kabureta dhidi ya pampu, na zaidi ya magari 350,000 ya W108 na W109 yalitengenezwa, kwa hiyo chuma kipo duniani. Mafundi wa zamani wa Kirinyaga Road, ambayo wazee bado wanaiita Grogan, wanajua nani ana nini nyuma ya duka. Afrika Kusini nayo ni mahali pazuri pa kuuliza, kwa sababu magari ya Mercedes yaliunganishwa mjini East London tangu mwishoni mwa miaka ya 1950, tena yakiwa na usukani wa kulia. Na spea ndogo ndogo, kama mipira, gaskiti na vioo vya taa, bado zinauzwa na kitengo cha magari ya kale cha kampuni yenyewe kilichoko Fellbach, karibu na Stuttgart, kwa bei itakayokufanya ukae chini.

SWALI: Naweza kuagiza 280 SE kutoka Ujerumani? Huko ni nyingi na safi. Pia, je, ni kweli kwamba Mercedes iliwahi kushinda Safari Rally, au ni mazungumzo ya baa? (Msomaji, South C)

JIBU: La kwanza, hapana kwa njia ya kawaida: viwango vya Kenya vinakataza kuingiza gari la zaidi ya miaka 8, na la mwaka wa 1969 limepita umri huo mara nyingi. Tena mengi ya Ujerumani yana usukani wa kushoto. Nunua lililokwisha kuwapo nchini.

La pili ni kweli kabisa. Bill Fritschy na Jack Ellis walishinda mwaka wa 1959 na tena mwaka wa 1960 kwa Mercedes 219, na mwaka wa 1961 John Manussis, Bill Coleridge na David Beckett wakashinda kwa 220 SE, ile ya mapezi nyuma iliyotangulia gari unalolitaka. Kwa hiyo ukisikia mzee akidai gari hili ni la kupelekea bosi ofisini tu, mkumbushe kwamba baba wa gari hilo alipita kwenye matope hadi mwisho.

SWALI: Mume wangu alifariki akaacha Mercedes nyeusi ndefu yenye maandishi "300 SEL" na "6.3" nyuma. Imekaa chini, kama imelala tumbo. Mtu mmoja amekuja mara tatu akisema ni takataka, springi zimekufa, atanisaidia kuiondoa kwa bei ya chuma. Nilitaka tu nafasi ya kuanika nguo. (Mama wa Westlands)

JIBU: Mama, pole sana, na nakusihi usikubali chochote wiki hii. Gari hilo kulala tumbo si ajabu wala si kifo. W109 haina springi za chuma bali mifuko ya hewa inayojazwa na kompresa inayoendeshwa na injini, na injini ikikaa muda mrefu bila kuwashwa hewa huvuja na gari hushuka. Mifuko na vali zake hubadilishwa, kwa gharama, ndiyo, lakini hubadilishwa.

Kama maandishi hayo ni ya kweli, basi ulicho nacho ni gari ambalo mhandisi Erich Waxenberger aliliwazia kwa kuchukua injini kubwa ya V8 ya lita 6.3, iliyotengenezewa Mercedes 600 ya marais na wafalme, na kuitia ndani ya bodi hii. Lilionyeshwa Geneva mwaka wa 1968 likiwa na nguvu 250 za farasi, lenye uwezo wa kufika kilomita 220 kwa saa huku limebeba watu watano na mizigo yao, na yaliyotengenezwa ni 6,526 tu. Mtu anayekuja mara tatu kuondoa takataka ya watu wengine bila kuombwa ana moyo mwema kuliko watu wa kawaida, au anajua hayo.

Lakini herufi za nyuma huweza kubandikwa na mtu yeyote mwenye gundi. Mwombe mtoto wako au jirani unayemwamini afungue boneti, apanguse kile kibati cha chuma kwa kitambaa kikavu, na anakili namba yote ya chesisi bila kuruka hata tarakimu moja, kisha anakili na namba ya injini. Namba ya chesisi ikianza na 109.018 na ya injini ikianza na 100.981, gari ni lenyewe. Ukishapata majibu hayo, mlete mthamini anayejua magari ya kale, aandike thamani kwa maandishi, na uitumie hati hiyo pia kuomba bima, kwa sababu kampuni nyingi husitasita kutoa bima kamili kwa gari la umri huu bila thamani iliyokubaliwa mapema. Ulipange pia katika orodha ya mali ya marehemu kama nilivyomwambia yule ndugu wa Lang'ata. Kamba ya kuanikia nguo ifungeni upande wa pili kwa sasa, na bwana yule akija mara ya nne, mwambie namba bado inasomwa.